Ukitoka Ngomeni, Ingia Marikiti

Mgeni anayefika Mombasa hupelekwa Fort Jesus kwanza, na hilo si kosa. Ngome hiyo, ambayo wenyeji huiita Ngomeni, ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Ndani mna mizinga, vyungu, sahani za Uchina, na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ni vitu vya thamani na vinastahili saa mbili za mtu yeyote. Lakini mgeni anayeishia hapo, akapiga picha langoni, akanywa dafu, kisha akapanda gari kurudi hotelini kwake Nyali au Diani, ameondoka Mombasa bila kuulizwa swali hata moja. Na katika mji huu, kuulizwa ndiko kukaribishwa.

Kuna mtindo ulioota mizizi wa kumwonyesha mgeni mji kana kwamba mji wenyewe ulikwisha kufa. Anaambiwa Wareno walifanya hivi, Waomani wakafanya vile, Wamazrui wakatawala, Mabusaidi wakawapokonya mwaka 1837, kisha historia inafungwa langoni pamoja na tikiti. Nje ya lango hilohilo, mwendo wa robo saa kwa miguu kupitia vichochoro vya Mji wa Kale, watu wananunua na kuuza kwa adabu walizozirithi kwa wazee wao. Adabu hizo ndizo urithi ninaoutaka mgeni auone, maana haziwekwi kabatini wala haziandikiwi kibao. Zinaonekana mtu anapouliza bei ya iliki.

Njia zinazotoka Ngomeni, Ndia Kuu na ile ya Mbarak Ali Hinawy iliyopewa jina la aliyekuwa Liwali wa Pwani, zote zitakuingiza Mji wa Kale. Maduka ya kwanza utakayoyaona ni ya vinyago, batiki, shanga na vikoi. Vinyago vingi ni kazi ya mafundi Wakamba wa Changamwe, na baadhi ni vizuri kwelikweli. Anayetaka twiga wa mti ampelekee mtoto nyumbani hana sababu ya kuona haya. Ila hapo swali ni moja tu: unatoka wapi? Na jibu lako mara nyingi ndilo linalopandisha au kushusha bei. Siwalaumu wenye maduka, nao wana watoto na kodi ya kulipa. Nasema tu kwamba hapo si mwisho wa safari. Endelea. Pita milango iliyonakshiwa, pita misikiti iliyobanwa na nyumba pande zote, pita kina mama wanaokaanga viazi vya karai na mihogo mbele ya nyumba zao, mpaka usikie wahamali wakipaza sauti "Njia! Njia!" nyuma ya mikokoteni ya matikiti. Hapo umefika Marikiti.

Kwenye ramani soko hili limeandikwa Mackinnon Market. Sijamsikia mwenyeji akilitaja kwa jina hilo. Ndani ya jengo ni mboga, matunda na nyama, na kulizunguka nje ni maduka ya viungo na nafaka, mafungu ya ndizi, malundo ya nazi, na wachuuzi waliotandika magunia chini penye nafasi yoyote iliyobaki. Kuanzia Novemba hivi hadi Machi, maembe ndiyo yanayotawala: ngowe, dodo, boribo, kila aina na wapenzi wake wanaoweza kugombana kwa ajili yake. Ramadhani ikikaribia, tende, tambi na ndizi za kupika kwa tui huchukua nafasi ya mbele, na jioni barabara zote za karibu hugeuka meza za kaimati, sambusa, bajia na mkate wa sinia. Mwenye macho anaweza kuijua tarehe kwa kutazama kilicho mbele ya duka.

Jambo la kwanza ni salamu. Naliweka mbele kwa sababu wageni wengi, hata wanaotoka Nairobi au bara ya Tanzania, hulikosea. Mtu hakaribii meza ya mwenzake akaanza na "hii ngapi?" Anaanza na asalaam aleikum, au hujambo, au shikamoo kama muuzaji amemzidi umri, na anangoja kujibiwa. Muuzaji mwanamke aliye rika la mama yako ni "mama" au "bi", mzee wa Kishihiri mwenye duka la viungo ni "ami", kijana wa mkokoteni ni "kaka". Na wao watakuita "mwanangu" au "dada" kabla hawajajua jina lako. Maneno haya hayatoki kwa ajili ya kukulainisha. Yanampa kila mmoja nafasi yake: ukishaitwa mwanangu, yule mama hawezi kukupa nazi iliyooza mbele ya majirani zake wanaosikia, na wewe huwezi kumtupia noti usoni. Undugu wa dakika tano, lakini unafanya kazi yake.

Baada ya salamu ndipo huja swali lenyewe. Simama kwenye duka lolote la viungo uagize bizari ya pilau, usikilize.

"Mchele kilo ngapi?"

"Kilo mbili, ami."

"Nyama au kuku?"

"Nyama ya ng'ombe."

"Watoto wamo?"

Ukijibu kwamba watoto wamo, mkono wake unapungua kwenye pilipili manga. Anachota bizari nyembamba kwa wingi, maana hiyo ndiyo mama wa pilau, anaongeza vijiti vya mdalasini, iliki akiihesabu kwa vidole, na karafuu chache sana kwa sababu ikizidi hutia uchungu. Anamimina juu ya karatasi, anakunja pembe, anafunga. Karafuu hiyo pengine imetoka Pemba, ambayo pamoja na Unguja imeilisha dunia karafuu tangu karne ya 19. Mzee hatakwambia hayo usipouliza. Atakwambia uikaange bizari na vitunguu mpaka rangi iive, usiitie maji mapema. Umenunua viungo, ukapewa na upishi. Nani mwingine atakuuliza kama nyumbani kwako kuna watoto wasiokula pilipili? Duka kubwa lenye rafu na taa nyeupe litakuuzia pakiti iliyokwisha changanywa na mtu asiyewajua walaji.

Swali hilo liko kila mahali ukishajifunza kulisikia. Muuza samaki karibu na bandari ya zamani atakuuliza: wa kupaka, wa kukaanga, au wa mchuzi? Ukisema wa kupaka atakuchagulia changu au tewa wa saizi ya kukaa mzima juu ya makaa, huku tui zito likipakwa juu yake. Ukisema wa kukaanga atakuonyesha nguru wa kukatwa vipande. Muuza nazi ataitikisa nazi sikioni mwake, aigonge, kisha aulize kama ni ya tui la wali au ya kashata. Muuza ndizi atauliza utakula lini, akupe za leo au za keshokutwa. Kila mmoja anataka kujua bidhaa inakokwenda kabla hajaiachia mkono. Ndiyo maana nasema mgeni asione uchovu wala asidhani anachunguzwa. Ajibu. Akisema ukweli kwamba yuko hotelini na hana jiko, ataelekezwa kwenye embe lililoiva na kachiri za muhogo zenye ndimu na pilipili, wala hatauziwa kilo ya bamia.

Kuhusu bei, wageni wamefundishwa vibaya. Vitabu vya safari huwaambia wapunguze kila kitu kwa nusu, nao huja wakikazana kupunguza hata kikombe cha kahawa. Hiyo ni aibu. Vitu vya kula vilivyokwisha tengenezwa, yaani kahawa, mkate, haluwa, mahamri, dafu, vina bei yake na mwenyeji hulipa bila neno. Fungu la nyanya au vitunguu nalo halina mjadala mrefu: unalipa, kisha unaomba nyongeza, na muuzaji anatupia nyanya moja zaidi kikapuni mwako. Hiyo nyongeza ni haki ya mnunuzi na ni heshima ya muuzaji, kila mmoja anaitazamia. Nyama hupimwa kwa kilo na bei yake mtaa mzima unaijua. Mapatano ya kweli yako kwenye mikeka, vitu vya shaba, vikoi, udi, mapambo, na samaki wa jioni ambao mwenyewe hataki kulala nao.

Na mapatano yana sheria. Muuzaji akisema "sema yako", anakualika utaje bei unayoweza kusimama nayo. Ukisema mia tatu, naye akajibu "haya, chukua", biashara imefungwa. Kugeuka hapo na kuondoka ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kutonunua tangu mwanzo. Vilevile hutajisogeza mtu anapopatana na muuzaji ukataja bei ya juu yake. Mtume amekataza mtu kuingilia mauzo ya nduguye, na katika soko lenye Waislamu wengi kama hili hata asiye Mwislamu anaijua kanuni hiyo na kuifuata. Asubuhi mapema kuna jambo jingine la kulijua: wauzaji wengi hawapendi mteja wa kwanza wa siku aondoke mikono mitupu, kwa hiyo bei hulegea. Usiwahi dukani saa moja ya asubuhi kwa ajili ya kutazama tu.

Niseme kidogo kuhusu watu wenyewe, maana soko hili halikuumbwa na kabila moja. Waswahili wa Mombasa wenyewe wanajihesabu kwa mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa, na nyuma ya mji wako Wamijikenda ambao kwa karne nyingi wameuletea nazi, mihogo, mikeka, makuti na dawa za miti. Kutoka ng'ambo wakaja Washihiri wa Hadhramaut, Wabaluchi waliokuwa askari wa ngome, Wabohora na Wahindi wengine wenye maduka. Walikuja na upepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwisho wa mwaka, majahazi ya Arabuni, Uajemi na India yalishuka na tende, samaki wa chumvi, mazulia na makasha, yakasubiri kusi ili yarudi na boriti za mikoko. Sahani za Uchina unazozitazama Ngomeni zilipitia mikono ya wafanyabiashara wa bahari hiihii. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na meli kubwa zikahamia Kilindini, bandari ya zamani ikapungukiwa na kazi, na leo jahazi likitia nanga pale ni tukio la kutazamwa. Maduka yalibaki. Baada ya wageni hao wa ng'ambo wakaja Wakamba, Wakikuyu, Wataita na wengine, na leo mama wa Kikamba anayeuza maharage nje ya Marikiti hujibu salamu kwa lafudhi ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa.

Sasa vuka Barabara ya Digo uingie Mtaa wa Biashara, kwenye leso. Hapa nakuomba upunguze mwendo kabisa.

Leso huuzwa doti, vipande viwili vilivyo sawa kwenye kitambaa kimoja. Kila kipande kina pindo kukizunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapwa chini kidogo ya mji. Nyingi siku hizi huchapwa India, lakini michoro na maneno huamuliwa hapa, na nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo wanawake huijua kwa alama ya Mali ya Abdulla, imekuwa ikizitoa kwa vizazi kadhaa. Madukani zimepangwa ukutani toka chini hadi darini, rangi juu ya rangi, na mgeni huingia akanyoosha kidole kwenye ile inayomvutia macho. Mwenyeji hafanyi hivyo. Mwenyeji husoma kwanza.

Nilisimama karibu na dada mmoja aliyekuwa amechagua leso ya zambarau na manjano, nzuri ajabu. Muuzaji, mtu mzima mwenye miwani iliyoshuka puani, hakuikunja. Aliuliza:

"Unamchukulia nani, dada?"

"Wifi yangu. Amejifungua."

"Basi hii iwache. Soma jina lake." Akainua kitambaa, akaweka kidole chini ya maneno. "Haya ni maneno ya ugomvi. Ukimpelekea wifi, atajua umemtumia salamu. Ngoja nikupe ya mzazi."

Akapanda ngazi, akashuka na doti tatu zenye maneno ya dua na shukrani, akazitandaza kaunta nzima ili azione kwa upana. Dada akachukua moja. Nje, fundi aliyeketi barazani na cherehani yake akaikata doti katikati na kupinda kingo kwa dakika chache, akalipwa, na zawadi ikawa tayari. Muuzaji yule angepoteza nini kama angenyamaza? Asingepoteza chochote, maana pesa ya leso zote ni moja. Alizuia ugomvi katika nyumba asiyoijua, na hilo kwake lilikuwa sehemu ya kuuza leso.

Leso ina kazi nyingi mno kwa mwanamke wa pwani kuachiwa bahati. Mtoto hupokewa kwayo, mzazi hujifunga tumbo, mwana hubebwa mgongoni, bibi harusi hupewa rundo lake, na msibani wanawake hujitanda leso wanapokaa kulia pamoja. Marafiki huvaa sare ya leso kwenye harusi ili ijulikane wako upande gani. Mke mwenza, jirani mwenye ulimi, mume aliyechelewa kurudi, wote wamewahi kujibiwa kwa leso bila mtu kufungua mdomo. Mgeni anayeinunua na kuifanya kitambaa cha meza hajakosea. Ni mali yake. Ila aombe asomewe jina kwanza, ajue ni nini kitakachokuwa kikisemwa mezani pake.

Kuna pembe moja ya biashara hii ambayo wanaume hupita bila kuiona, nayo ni harufu. Jioni, hasa Alhamisi na siku za harusi, kina mama huketi vichochoroni na sinia za asumini, mrehani, kilua na mkadi, wakifunga vikuba. Kikuba ni kifungu kidogo cha maua na majani yenye harufu nzuri, mwanamke hukibandika kifuani au nyweleni, na kesho yake kimekwisha. Hakisafirishwi wala hakihifadhiwi. Karibu yao kuna maduka ya udi, wa vipande vya mti wenyewe na ule unaopikwa kwa sukari na mafuta mazuri, pamoja na ubani, marashi ya waridi, hina na wanja. Muuza udi naye ana swali lake: wa nyumba, wa nguo, au wa bibi harusi? Ukichanganyikiwa, sema wa nyumba. Nunua na chetezo cha udongo cha kuchomea. Vyombo vya udongo vya namna hiyo utavikuta pia kwenye makabati ya Ngomeni, na ukiwa umekishika kimoja mkononi chenye jivu ndani yake, vile vya makumbusho unavitazama kwa macho mengine. Ndivyo ilivyo pia kwa mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia tui. Viko sokoni kwa bei ndogo, na vinatumika leo hii katika nyumba zilizo nyuma ya duka.

Kazi ya kununua inachosha, na mji umeliwekea dawa hilo. Mtafute muuza kahawa mwenye dele la shaba juu ya jiko la makaa. Kahawa ni chungu, mara nyingine ina tangawizi, inakuja katika kikombe kidogo kisicho na mkono, pamoja na kashata au kipande cha haluwa. Keti barazani na wengine. Hapo ndipo siasa, mpira, bei ya samaki na habari za maiti wa jana huzungumzwa, na mgeni akinyamaza kidogo atasikia Kimvita kikisemwa na wenyewe. Wengi wanaoketi ni wanaume, hiyo ndiyo desturi, lakini mgeni mwanamke anayesalimu na kuagiza kikombe chake huachiwa nafasi. Mji huu ndio uliomzaa Muyaka bin Haji, mshairi wa karne ya 19 ambaye wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Mtu akiketi saa nzima barazani na kusikia jinsi watu wa kawaida wanavyojibizana kwa mafumbo, hatauliza Muyaka aliyatoa wapi maneno yake.

Yapo mambo yanayonisikitisha, na sitayaficha. Langoni Ngomeni kuna vijana wanaojitolea kumwongoza mgeni "kwa rafiki yangu mwenye duka". Mgeni huyo hulipa bei ya watu wawili, na mbaya zaidi haulizwi chochote, kwa kuwa kijana ndiye anayejibu kwa niaba yake. Waongozaji wenye kitambulisho na ujuzi wapo, wengine wanaijua historia ya mji barabara. Mwajiri huyo kwa saa zake, umlipe vizuri, lakini dukani zungumza mwenyewe. Jambo la pili ni picha. Simu huinuliwa mbele ya uso wa mama aliyechuchumaa na mboga zake kana kwamba naye ni sehemu ya maonyesho. Omba kwanza. Akikataa, shukuru upite, na akikubali nunua japo fungu la mchicha. Na vijana wetu wa mjini wenyewe wameanza kuona haya ya Marikiti, wanapenda kununua mahali pasipo na maneno, wakidhani ukimya ni maendeleo. Naona wanapoteza kitu ambacho hakuna makumbusho yatakayoweza kuwarudishia.

Mabadiliko mengine soko limeyapokea bila kupoteza adabu zake. M-Pesa ilipokuja mwaka 2007 wengi walidhani maneno yatapungua, lakini mapatano ni yaleyale, na mwishoni muuzaji anatazama simu yake, anasema "imefika", kisha anakuombea baraka kama alivyokuwa akifanya kwa pesa taslimu. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, vikapu vya ukindu vilivyokuwa vimeanza kusahaulika vilirudi mikononi mwa watu. Kwa hiyo kitu cha kwanza mgeni anunue kiwe kikapu, kutoka kwa mama wa Kidigo au Kigiriama anayevisuka, kisha vingine vyote viingie humo. Mwenye kikapu sokoni huonekana mtu aliyekuja kununua, na wauzaji humwita kwa namna nyingine.

Kama una siku moja tu Mombasa, ianzie Marikiti. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, samaki wakiwa wabichi na jua halijakaza. Vaa nguo za kusitiri, beba noti ndogo ndogo, toa na kupokea kwa mkono wa kulia, na usiwe na haraka. Ngomeni uende mchana. Siku ya Ijumaa hasa usigeuze mpango huo, kwa sababu kuanzia yapata saa sita maduka mengi ya Mji wa Kale na Mtaa wa Biashara hufungwa kwa ajili ya swala, na hayafunguliwi tena mpaka karibu saa nane. Makumbusho huwa wazi saa hizo.